Je, Anayesahau Ana Kosa? Unene, Homoni za Mfadhaiko na Lawama

Shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa upatu wa wanawake kumi na wawili katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Kila Jumapili, baada ya swala ya alasiri, kila mmoja alileta faranga 20,000, na aliyefikiwa na zamu aliondoka na 240,000. Alhamisi moja, miaka miwili iliyopita, mmoja wao alipita nyumbani akatoa mchango wake mapema, kwa kuwa Jumapili angekuwa safarini Rumonge. Jumapili ilipofika, hesabu ilikuja 220,000. Shangazi akasema fulani hajalipa. Fulani aliporudi akasema amelipa, tena mkononi mwa shangazi, pale mlangoni, mvua ikinyesha. Shangazi akaapa kwa Mungu kwamba hakupokea kitu.

Kikao kikaitishwa. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikitia chai kwenye chupa, kwa hiyo nilisikia yote. Walimuuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu watu watano kwa pamoja. "Kumbuka! Alhamisi! Mvua! Alikuwa amevaa nini?" Shangazi ni mtu mnene sana. Jasho lilikuwa likimtoka, naye akilifuta kwa pembe ya mtandio. Kisha mmoja akasema neno ambalo wengine walilicheka: kwamba hakuna haja ya kuzitafuta fedha hizo, kila mwenye macho analiona tumbo lililozila.

Wiki tatu baadaye, akijiandaa kwa Idi, aliuteremsha mtandio wake mzuri kutoka juu ya kabati na noti zikaanguka sakafuni. Alikuwa amezifunga humo yeye mwenyewe ili zisichanganyike na fedha za nyumba.

Nilipowasimulia wenzangu chuoni, waligawanyika. Wengine walisema hakuiba, basi hana kosa. Wengine walisema anayetunza mali ya watu hana ruhusa ya kusahau, kwa hiyo ni mzembe, na uzembe ni kosa. Rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari akatoa jibu la tatu: "Hiyo si tabia, hizo ni homoni. Mtu mnene mwenye mawazo mengi lazima asahau." Jibu hili ndilo lililonifariji zaidi siku ile, na ndilo linalonisumbua zaidi sasa. Ndilo nitakalolichunguza hapa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Niliyoyasoma kuhusu ubongo nimeyasoma kama mgeni nyumbani kwa watu, lakini yaliyo wazi ni haya. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anapotishika, ubongo hupeleka habari hadi kwenye tezi hizo, nazo humwaga katika damu homoni, mojawapo ikiwa kotisoli. Homoni hii si adui. Hupandisha sukari katika damu ili mwili upate nguvu ya kukabili hatari, na bila yake hatuwezi kuishi. Shida huja pale hatari isipoondoka, na tezi zikabaki zimefunguliwa kama bomba lisilofungwa.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo hutuwezesha kuweka akilini mambo mapya ya kila siku: nani alikuja, lini, alileta nini. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Rockefeller University, New York, walionyesha kwa kutumia panya kwamba homoni ya mfadhaiko hunasa kwa wingi hasa katika hipokampasi. Mimi nililielewa jambo hili hivi: sehemu ileile inayopokea kumbukumbu imeumbwa kuisikiliza hofu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1998, Sonia Lupien na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa miaka kadhaa. Wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na ikaendelea kupanda walikutwa na hipokampasi ndogo kuliko wenzao, na walishindwa zaidi katika majaribio ya kumbukumbu.

Unene unaingia katika habari hii kama chanzo na pia kama matokeo. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu huyapeleka mafuta tumboni na huamsha hamu ya vyakula vya sukari na mafuta. Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni maradhi yaliyopewa jina la daktari Mmarekani Harvey Cushing, ambapo mwili hupata kotisoli kupita kiasi. Mgonjwa hunenepa uso na tumbo, mikono na miguu yake hubaki myembamba, na wagonjwa wengi hulalamika kwamba wanasahau. Baada ya matibabu, hipokampasi yao imeonekana kuongezeka tena kidogo. Kwa upande mwingine, mafuta ya tumboni hayalali tu kama gunia ghalani. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, huufanya mwili usiisikie vizuri insulini, na yana kimeng'enya kinachoigeuza kotisoni isiyo na nguvu kuwa kotisoli kamili. Mfadhaiko hulisha tumbo, na tumbo nalo huurudishia mfadhaiko homoni yake.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Rachel Whitmer na wenzake kuhusu watu 6,583 wa California ya Kaskazini. Walipimwa ukubwa wa tumbo kati ya mwaka 1964 na 1973, wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, waliokuwa na matumbo makubwa zaidi walikuwa na hatari ya kupata maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni karibu mara tatu ya wale wenye matumbo madogo zaidi.

Hapa rafiki yangu angesema: umeona? Lakini mimi nasita. Hatari ya kundi si hukumu ya mtu mmoja. Wapo watu wanene wanaokumbuka mahari ya kila bibi harusi wa mtaa tangu mwaka 1980, na wapo wembamba kama ufito wanaosahau simu mfukoni mwao wenyewe. Hakuna kipimo cha California kinachoweza kusema kwamba noti zile zilipotea kwa sababu ya tumbo la shangazi. Anayemwangalia na kusema "lazima asahau" hajatofautiana sana na yule aliyesema tumbo limezila fedha. Wote wawili wameliangalia tumbo wakamaliza kesi.

Hata hivyo siwezi kuutupa ushahidi huo, kwa sababu ninajua historia ya tumbo hilo.

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Watu wa umri wangu tunaukumbuka moshi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Shangazi alikuwa na kibanda cha vitenge pale. Wakati ule alikuwa mwanamke wa mwili wa wastani, maarufu kwa jambo moja: hakuwa na daftari. Madeni ya wateja zaidi ya thelathini yalikaa kichwani mwake, na hakuna aliyethubutu kubishana naye, maana angekutajia hata ulikuwa umembeba mtoto gani siku uliyochukua kitambaa. Moto ulichukua bidhaa ambazo nusu yake hakuwa amezilipia. Kwa miaka kadhaa waliomdai walikuja kila wiki. Alikuwa halali usiku. Alikaa jikoni akila alichokipata, mara nyingi maandazi na chai ya sukari nyingi, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hicho ndicho kilichonyamazisha moyo. Akanenepa. Mwanzoni majirani walimsifu! Kwetu mtu akinenepa husemwa kwamba mambo yake yamenyooka. Walimpongeza kwa jeraha lake. Sifa zikageuka masengenyo pale tu alipoanza kupumua kwa shida akipanda ngazi, kuacha sufuria motoni na kuniita mimi kwa jina la kaka yangu.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatoa kanuni inayoonekana nyepesi. Anasema hatumlaumu aliyezaliwa kipofu, tunamhurumia. Lakini aliyepofuka kwa ulevi tunamlaumu. Vivyo hivyo kwa mwili: aliye hivyo kwa maumbile halaumiwi, aliye hivyo kwa kutojitunza hulaumiwa. Kanuni hii ndiyo inayotumika mitaani kwetu hadi leo, na wanaoitumia wengi hawajawahi kumsikia Aristotle. Watu hudhani kwamba unene uko daima upande wa ulevi: ulikula mwenyewe, basi beba mwenyewe, pamoja na kusahau kwako.

Mimi naona kanuni hiyo inahitaji watu wa aina mbili tu, na shangazi yangu si yeyote kati yao. Hakuzaliwa hivyo. Wala hakujifanya hivyo kama mlevi anavyoinua glasi. Alikula, ndiyo, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mkono ule uliongozwa na usiku usio na usingizi, usiku huo uliletwa na madeni, na madeni yakaletwa na moto ambao hakuuwasha. Ukiuliza "nani alifanya?" unapata jibu: yeye. Ukiuliza "angeweza kufanya nini kingine?" jibu linaanza kupungua maneno. Aristotle mwenyewe alijua kwamba jiwe likisharushwa halirudishwi. Alichokitilia mkazo ni kwamba kulirusha kulikuwa mikononi mwako. Sasa, je, ikiwa jiwe lenyewe lilirushwa na watu wengi kwa pamoja?

Hilo linanirudisha kwenye kikao kile, na ni sehemu ninayotaka wasomaji wangu wakae nayo.

Mwaka 2000 Dominique de Quervain na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua kabla ya kuingia mtihani wa mdomo. Watu wenye afya walijifunza orodha ya maneno. Siku ya pili, saa moja kabla ya kuulizwa, wengine walipewa miligramu 25 za kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kotisoli, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa kotisoni walikumbuka maneno machache zaidi. Maneno yalikuwamo kichwani. Kilichokwama ni kuyatoa. Walipopewa kidonge hichohicho wakati wa kujifunza, hakikuharibu. Kwa hiyo homoni ya hofu ina tabia hii ya ajabu, kwamba huweza kuziba njia hasa pale unapoitafuta kumbukumbu uliyokwisha kuiweka.

Basi fikiria wanawake watano wanaomzunguka mtu na kumpigia kelele "Kumbuka!" Walitaka ukweli kutoka kwenye kichwa chake, na kelele zao huenda ndizo zilizokifunga. Sisemi kwamba bila kelele angekumbuka. Sina njia ya kujua. Ninachosema ni kwamba kama kweli walitaka kujua fedha ziko wapi, walichagua njia mbaya kuliko zote. Na kama hawakutaka kujua, basi kikao hakikuwa cha kutafuta fedha.

Tena kuna lile neno la tumbo. Mwaka 2014 Natasha Schvey na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wanawake walionyeshwa filamu fupi inayowadhihaki watu wanene, na wengine wakaonyeshwa filamu isiyo na dhihaka. Kotisoli ya waliotazama dhihaka ilipanda na kubaki juu kuliko ya wenzao, wembamba kwa wanene. Ikiwa filamu tu inafanya hivyo, maneno yanayosemwa usoni pako, sebuleni kwako, na watu uliokula nao futari, yanafanya nini? Na yakisemwa kila wiki kwa miaka kumi? Robert Sapolsky, aliyeanza kuwachunguza nyani wa Masai Mara nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuta kwamba katika makundi yenye utawala imara madume ya daraja la chini yalikuwa na homoni za mfadhaiko juu hata wakati wa utulivu. Nyani hawana upatu wala vikao, lakini wanajua kuonewa na kuishi wakisubiri kofi linalofuata.

Kwa hiyo anayemlaumu mnene kwa kusahau hasimami nje ya jambo analolihukumu. Lawama yake ni sehemu ya visababishi. Wazo hili ni gumu kwa somo la maadili, kwa sababu tumezoea kumfikiria hakimu kama mtu aliyefika baada ya kosa kutendeka.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani ninamtetea rafiki yangu wa udaktari: homoni zimefanya, shangazi yuko huru. Nilidhani hivyo pia, na nilikwenda kwa shangazi nikiwa na hoja zangu mkononi kama wakili. Nikamwambia nitazungumza na wenzake, niwaeleze kwamba kusahau kwake ni jambo la mwili, kwamba hana kosa. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema: "Mwanangu, usiende kuwaambia mimi ni mgonjwa. Kawaambie walinitukana."

Nilikaa kimya. P. F. Strawson, mwanafalsafa Mwingereza, katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, anatofautisha namna mbili za kumtazama binadamu. Ya kwanza ni kumtazama kama mwenzetu, mtu ambaye tunaweza kumkasirikia, kumshukuru, kumdai na kumsamehe. Ya pili ni kumtazama kama kitu cha kushughulikiwa: kutibiwa, kuzuiwa, kuangaliwa. Ya pili ina huruma yake, lakini ukiitumia kwa mtu moja kwa moja umemtoa barazani. Huwezi tena kumwomba msamaha, kwa sababu homoni hazitukanwi. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwokoa shangazi kwa kumtoa barazani, naye alikataa. Alitaka kubaki mtu anayeweza kukosa, ili abaki mtu anayeweza kukosewa.

Basi nimrudishie haki yake na niulize tena: alikosa wapi?

Si katika kusahau. Kusahau hakuamuliwi, hakuna mtu anayeketi akaazimia kwamba neno hili limtoke. Mwanafalsafa Avishai Margalit, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu maadili ya kumbukumbu, anasimulia habari ya kamanda wa jeshi aliyesahau jina la askari wake aliyeuawa, na jinsi watu walivyokasirika. Anaeleza kwamba hasira ile inatokana na uhusiano wa kukumbuka na kujali: ukinijali, utanikumbuka. Ninaielewa hasira ile, lakini kwa fedha za upatu haifai. Shangazi alijali mno. Alizifunga fedha peke yake, mbali na zake, kwa sababu ya kujali. Alichokipoteza ni njia ya kurudi kwenye kile kitendo chake cha kujali.

Kosa lake ninaliona kwenye kiapo. Alikuwa anajua, tangu zamani, kwamba kumbukumbu yake si ile ya kabla ya moto. Binamu yangu alimnunulia daftari akalitumia kufunikia mtungi. Lilimuumiza, nadhani, lilikuwa kama cheti cha kifo cha yule mwanamke asiye na daftari. Na siku ile, badala ya kusema "sikumbuki," akasema "sikupokea," tena kwa jina la Mungu. Kwa siku ishirini na kitu mwanamke mkweli aliitwa mwongo kwa sababu ya kiapo hicho. Hilo ni kosa, na kotisoli haiwezi kulibeba kwa niaba yake. Mwenye kumbukumbu dhaifu hadaiwi kukumbuka, ila anadaiwa kutokuwa na hakika asiyokuwa nayo.

Ninaandika hivyo, na papo hapo ninaliona tatizo lake. "Sikumbuki" lingemgharimu nini mbele ya kikao kile? Wangesema: ehe, sasa hakumbuki! Katika mitaa yetu, na hata katika ofisi zetu, sikumbuki ni neno la mwizi aliyebanwa. Tumelifanya ghali kiasi kwamba maskini wa kumbukumbu hawezi kulinunua, halafu tunamshitaki kwa kutokuwa nalo. Sijui namna ya kuupima mzigo huu kwa mizani: kiasi gani ni chake, kiasi gani ni cha wale waliofanya unyenyekevu uonekane kuwa hatia. Ninajua tu kwamba pande zote mbili zina kitu cha kulipa.

Upande mmoja ulilipa. Siku ya pili ya Idi shangazi alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akapanda ngazi zote zile kwa kusimama mara tatu, akamkabidhi faranga 20,000 mbele ya mumewe na watoto wake, akasema: niliapa na sikuwa na hakika, nisamehe. Walilia wote wawili. Umweka hazina ulikwenda kwa msichana mmoja fundi wa kushona, na sasa kila mchango unaandikwa na kutiwa saini mbili, jambo ambalo hata mwenye kumbukumbu ya chuma angepaswa kulitaka.

Kuhusu lile neno la tumbo, hakuna aliyerudi kulisemea. Aliyelisema huenda alilisahau jioni ileile. Shangazi bado anakwenda kila Jumapili, anatoa mchango wake, anasubiri mpaka msichana aandike, kisha anauliza asomewe.